Makuta ya Marehemu

Mke wangu huyaita makuta ya marehemu. Yamo kwenye kopo la Nido la kilo mbili na nusu, chini ya kitanda, upande wangu, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akifagia kulizunguka kopo hilo kama mtu anavyofagia kumzunguka mlevi aliyelala mlangoni.

Ugomvi ulianzia kwenye mche mmoja wa sabuni. Bibi kizee wa hapa Nyabiondo, huku Masisi, alikuja kwenye kibanda cha mke wangu, akafungua ncha ya kitenge, akatoa sarafu yenye tundu katikati. Alisema mama yake ndiye aliyemwachia. Mke wangu alicheka. Mimi nikaichukua ile sarafu, nikampa bibi mche mzima. Ilikuwa senti 10 ya mwaka 1888, shaba nyekundu, pana kuliko kifuniko cha chupa ya bia ya Primus, upande mmoja nyota ya pembe tano, na tundu limepita katikati ya nyota. Ni ya enzi za Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ambaye tangu 1885 hadi 1908 aliimiliki nchi hii ya Kongo yote kama shamba lake, na hakuwahi kuikanyaga hata siku moja.

Baada ya hapo habari zilienea kwamba mwalimu wa kemia ananunua pesa zilizokufa. Zililetwa kutoka kwenye masanduku ya marehemu, kwenye mashamba yanayolimwa upya, hata kutoka Walikale kwenye mifuko ya vijana wa machimbo. Nikapata franga ya Mfalme Albert yenye mchikichi. Nikapata franga 2 za mwaka 1943, zenye pembe sita na tembo, zilizofuliwa Philadelphia kwa sababu Ubelgiji wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nikapata sengi 10 za 1967, za alumini, zina chui, nyepesi kiasi kwamba mtoto akizipuliza mezani zinasogea. Hakuna hata moja yenye bei. Ulaya zile za kawaida zinauzwa dola chache, hapa malipo ni chumvi au sabuni. Kopo nililichagua kwa sababu lina mfuniko na linabebeka. Masisi mtu hanunui kitu kabla ya kujiuliza atakimbia nacho vipi. Mara mbili tumekimbia, na mara mbili kopo limekuja.

Jioni moja nilijaribu kumweleza mke wangu faida ya mkusanyo ule. Nikamwambia zaire ilianza 1967, ikawa na makuta mia. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikarudi franga, moja kwa zaire mpya laki moja. Yeye anauza kibandani, hesabu haimsumbui.

"Basi franga moja ni zaire za zamani bilioni mia tatu."

"Ndiyo."

"Na franga moja yenyewe sijaiona sokoni." Akaendelea kuchambua maharage.

Sarafu moja tu ndiyo aliyowahi kuomba kuishika. Kaka yake aliyeko Brussels aliinunua kwenye soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, kwa bei isiyofika bia tatu za kule, akanitumia ndani ya soksi. Ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nyeusi yenye ukijani, na ukiielekeza kwenye jua unaona nyuso mbili zimepangana, ya mbele imeifunika ya nyuma nusu. Upande wa pili pembe mbili za neema zimekatizana. Ni ya Areta wa Nne, mfalme wa Wanabataea, waliouchonga mji wa Petra kwenye miamba. Alitawala kuanzia mwaka wa 9 kabla ya Kristo mpaka mwaka wa 40 baada yake. Shaba zake zilifuliwa kwa wingi, zikatumika mpaka zikachakaa, ndiyo maana hata mwalimu anaweza kuwa nayo.

Mke wangu huimba kwaya. "Areta yule wa Wakorintho wa Pili?"

"Yuleyule. Liwali wake ndiye aliyeulinda mji wa Dameski ili Paulo akamatwe, wakamshusha Paulo ukutani ndani ya kapu."

Akaigeuza kwenye mwanga wa koroboi. "Na huyu wa nyuma?"

"Shaqilath, mkewe."

"Alimweka mkewe kwenye pesa." Akanyamaza kidogo. "Wewe hata jina langu hujaliandika kwenye mlango wa kibanda."

Nilicheka. Leo nisingecheka.

Mvua ya Septemba ilipokaribia tulinunua manjanja sita mapya, mabati ya paa la chumba cha kulala na jiko. Barabara kutoka Sake ilikuwa tope tupu, manjanja yakafika, misumari ikafika, rondele za mpira hazikufika. Ukipigilia msumari wa manjanja bila rondele, kila msumari ni tundu la maji. Fundi alikuwa tayari kufunga vifaa vyake aende. Mimi nilikuwa shuleni.

"Ngoja," mke wangu akamwambia.

Niliporudi nyundo ilikuwa bado inalia. Nikamwona fundi juu ya paa, mdomo umejaa misumari, na pembeni yake kopo langu, wazi. Zenye matundu zilikuwa zimekaa chini ya vichwa vya misumari sawasawa, kana kwamba Leopold alizifua kwa kazi hiyo. Zisizo na matundu alikuwa akizitoboa kwenye jiwe. Chui wa 1967 alitoboka kwa pigo moja. Nilihesabu kumi na saba. Ile ndogo nyeusi sikuiona, na nilipouliza, mke wangu alisema iko upande wa jiko, kule nisikofika bila ngazi.

Sikupiga kelele. Nilichukua chaki. Nikamwandikia kwenye mlango wa jiko: manjanja ni chuma kilichopakwa zinki, zinki ikigusana na shaba, na maji ya mvua yakaziunganisha, zinki ndiyo inayoliwa, ikiisha, chuma kinafuata. Paa hili litatoboka kuzunguka kila sarafu yenye shaba.

"Wewe unataka makuta yako," alisema.

Na hilo pia lilikuwa kweli, ndiyo maana sikushinda.

Mama mkwe alifika wiki ileile kutoka Mubi, siku mbili juu ya pikipiki, na mbuzi. Nikaiweka kesi mbele yake kwa heshima zote, nimekaa kwenye kigoda. Alitazama paa muda mrefu. Akasema bibi yake alikuwa na butea, fedha ya nyuzi ya Wanyanga, ndiyo iliyotolewa mahari alipoolewa. Wabelgiji walipodai kodi kwa franga, butea ikabaki ya kufungia kuni, na zilifunga vizuri. Akasema pia kwamba nikiendelea kulilia kopo nitafanana na Shemwindo, yule chifu wa hadithi ya Mwindo aliyewaamuru wake zake wazae mabinti tu, kwa tamaa ya mali. Kisha akatoa hukumu: sarafu zikae mpaka misimu miwili ipite. Manjanja yakiliwa, mkwe ana haki.

Msimu wa kwanza hatukupata hata tone. Majirani walikuja kutazama. Mke wangu aliwaonyesha paa kama mtu anayeonyesha mtoto aliyefaulu.

Msimu wa pili ulikuwa unaisha nilipoona duara la kahawia, pana kama kitako cha kikombe, kuzunguka ile senti 10 ya 1888. Usiku wa tatu likanidondokea tone sikioni. Upande wangu wa kitanda. Kisha la pili, kisha tukaanza kupanga sufuria. Asubuhi nilipanda ngazi, nikagusa pale kwa kidole, na kidole kikazama kwenye chuma kama kwenye mkate uliolowa. Nilikuwa nimeshinda kesi, na hapakuwa na mtu wa kunipongeza. Watoto walikuwa wanakinga maji.

Mke wangu alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni. "Leopold alikula mpira wa babu zetu. Ukamweka mahali pa mpira, akala manjanja."

"Nani aliyemweka?"

"Nani aliyemleta nyumbani?"

Manjanja mawili mapya yalitugharimu mshahara wangu na faida ya kibanda ya mwezi mzima. Kwa thamani ya kopo lote tusingepata hata nusu ya moja. Rondele, za mpira, niliziagiza Goma mwenyewe, mfuko mzima. Sarafu zikarudi koponi, kila moja na pete ya kutu nyekundu mgongoni. Upande wa jiko nilichunguza msumari mmoja baada ya mwingine. Areta hakuwepo, wala hapakuwa na alama kwamba aliwahi kuwepo.

Jumatatu iliyofuata, nikitoka shuleni, nikaona kibandani ubao mpya. Jina lake, lote, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kuliko za mlango wa kanisa. Ubao ulishikwa na misumari miwili. Wa kushoto una rondele ya mpira. Wa kulia una sarafu ndogo nyeusi, iliyopasuka kidogo ukingoni, na msumari umepita katikati ya nyuso mbili bila kuharibu pua ya yeyote.

Alikuwa anapima sukari, hakuinua macho.

"Ubao hauna zinki, Mwalimu," alisema. "Haitaula."

Msumari nao ni chuma, na shaba ikilowa pale itaula. Sikulisema. Nikaomba kiberiti, nikalipa.