Mtungi Uliofungwa Bila Hukumu

*Mshauri, mume wangu amenunua mtungi wa kuzimia moto, kisha akaufungia stoo pamoja na magunia ya mahindi ili watoto wasiuchezee. Ufunguo anatembea nao mfukoni. Mimi nakaanga maandazi kila alfajiri. Nikiuliza, anajibu kwamba kitu cha bei hakitundikwi ukutani. Je, nina haki ya kulalamika? – Mama Maandazi, Mollo.*

Haki unayo, Mama, ingawa mzee naye anastahili nusu ya pongezi, maana ameleta kitu ambacho nyumba nyingi za Ufipa hazina. Kosa lake ni kudhani mtungi ni wa aliyeununua, wakati kwa kazi yake ni wa yule aliye karibu na moto. Unga wa mtungi wa kilo 6 huisha kabla ya nusu dakika, na ule wa kilo 1 haufikishi hata robo dakika. Kifaa cha namna hiyo ni cha moto uliozaliwa sasa hivi. Moto ukishashika dari, kazi inayobaki ni kutoa watu nje. Sasa piga hesabu: karai limewaka, mzee yuko mnadani, na ufunguo uko mnadani. Gereza la Mollo lina wafungwa wake; mtungi wenu haujahukumiwa.

Atasema zimamoto wapo, namba ni 114. Wapo, na wapigiwe mara moja, lakini gari likitokea Sumbawanga mjini litakuta moto umeshaamua mambo. Umbali huo ndio unaotaka mtungi uwe wazi. Atasema pia ndoo ya maji inatosha. Kwa godoro au kuni, sawa. Kwa mafuta ya maandazi, hapana kabisa: maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke papo hapo na kupanuka zaidi ya mara 1,600, yakirusha mafuta yanayowaka hadi usoni. Karai hufunikwa kwa mfuniko mpana, moto wa jiko ukazimwa, na lisifunuliwe mpaka lipoe. Mfuniko ukishindwa ndipo mtungi unapoingia, tena kwa kupuliza ukiwa mbali kidogo, kwani msukumo wake unaweza kuyamwaga mafuta.

Hoja ya watoto ndiyo nzito. Lakini ile pini na lakiri yake vimewekwa kwa ajili yao, na ndoana iliyopigwa usawa wa kifua cha mtu mzima inamshinda mdogo. Mkubwa anayekusaidia jikoni afundishwe: chomoa pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bana, fagia huku na huku. Utundikwe karibu na mlango wa kutokea, si juu ya jiko, ili anayeufuata awe anaelekea kwenye usalama, na akishindwa atoke. Mshale wa kipimo ubaki kwenye kijani. Ukipulizwa hata kidogo, ukajazwe upya.

Jioni hii mwambie baba watoto: mahindi yabaki na kufuli, mtungi utoke.