Sifa za Subira, Mbwa Asiyengoja Kukuche

Saa nane na robo usiku, pua ya baridi inagusa kisigino changu. Nikijifanya nimelala, kucha zinaanza kugonga sakafu, kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, kama muuguzi wa zamu. Kisha unafuata mguno mdogo wa adabu, wa mtu aliyekuja kuomba chumvi. Huyo ndiye Subira. Nimekusudia kumsifu leo kwa sababu hapa Kiseke, Mwanza, hakuna mwingine aliye tayari kufanya hivyo, na wa kwanza kukataa ni mama watoto.

Jina sikumpa mimi. Alikuja nalo kutoka kwa jirani, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Dodoma. Siku ya kuhama alipakia makochi, friji, hata kamba za kuanikia nguo. Mbwa akabaki pamoja na ndoo iliyotoboka. "Mwalimu, utaniangalizia kidogo," akasema, na lori likaondoka. Hicho kidogo sasa kimefika miaka miwili. Ndoo niliitupa.

Najua utasema mbwa hulala nje. Nami nilisema hivyo usiku wa kwanza, nikamfunga kwenye mwembe. Alimlilia bwana wake mpaka taa za mtaa mzima zikawaka, na asubuhi mjumbe akaja na maneno ya upole yaliyonitisha kuliko matusi. Usiku wa pili akalala stoo. Kumfungulia mlango na kumwacha aende peke yake haiwezekani, maana kiwanja changu hakina ukuta. Uzio wangu ni mawe, nayo mawe ya Mwanza Mungu aliyapanga bila kumshirikisha mpima ardhi. Basi tunatoka wawili, yeye na kamba yake, mimi na kandambili zangu.

Tuanze na ustaarabu wake. Stoo anamolala mna gunia la mchele, majembe, baiskeli isiyo na mnyororo na magazeti ya tangu nilipoanza kazi. Katika miaka miwili hajaangusha tone. Mbwa kwa asili yake hachafui anapolala. Huo ndio mpango mzima wa mipango miji, na yeye ameuelewa bila semina wala posho. Nyuma ya nyumba yangu kuna pagale, na kwenye ukuta wake mwenyewe kaandika kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUKOJOA HAPA. FAINI 50,000. Chini ya maandishi hayo saruji imegeuka kijani. Waliofanya hivyo wote walikwenda shule. Baadhi yao, nasikitika kusema, niliwafundisha mimi. Subira hajui kusoma, na pagale hilo hulipita kwa heshima zake, akaenda kwenye majani kule mbele.

Mwanzoni, kwa jinsi alivyoniamsha kila usiku, nilidhani ni mgonjwa. Daktari wa mifugo akampima mkojo, akatazama figo, akatafuta sukari, hakuona kitu. Akaniambia mbwa mzima aliye na afya anaweza kujizuia saa sita, hata nane. Kisha akauliza anakula nini. Nikamwambia ugali na supu ya mapanki. Supu kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa sufuria. Daktari akavua miwani, akacheka mpaka akaifuta.

Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini mstaafu anasimama nje usiku wa manane ameshika kamba, asiishie kwenye kibofu cha mbwa. Aanzie miaka ya 1950, sangara alipopandikizwa katika Ziwa Victoria. Sangara akawamaliza furu wengi, akanenepa, akapendwa ng'ambo. Viwanda vya minofu vikaota ufukweni, minofu ikasafiri kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na kichwa na mgongo. Huo mgongo ndio mapanki. Hubert Sauper aliuonyesha dunia nzima katika filamu yake ya 2004, Darwin's Nightmare, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Ugomvi ulikuwa mkubwa, kila upande una hoja zake, ila hakuna aliyemuuliza mbwa. Subira angewaambia kwamba Mzungu amechukua kisichokuwa na ladha, supu imebaki huku. Angewaambia hivyo mpaka saa nane. Baada ya hapo angeomba udhuru.

Faida ya pili ni maji, na hii hata mama watoto anaikubali, ingawa kwa kununa. Tunaishi kando ya ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, na bado maji ya mgao huingia mtaani kwetu watu wakiwa wamelala. Zamani tuliamka na kukuta bomba linapuliza hewa. Sasa nikirudi na Subira nasikia bomba linakohoa, nafungulia, nakinga. Tangi limejaa, ndoo zimejaa, beseni la kufulia limejaa. Majirani wanadhani nina mtu idarani.

Lakini deni langu kubwa kwake ni la kitaaluma. Nimefundisha jiografia miaka mingi. Kila mwaka nilichora ubaoni ziwa, nchi kavu na mishale: mchana upepo hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu. Wanafunzi waliandika, wakafaulu, wakasahau. Mimi mwenyewe mshale wa usiku sikuwahi kuuona, nilikuwa kitandani. Subira ndiye aliyenipeleka juu ya jiwe lililo nyuma ya pagale, akakataa kushuka mpaka anuse kila ufa, nikahisi upepo ukinipiga mgongoni kuelekea ziwani. Ulikuwa mshale wangu wa chaki, na una baridi! Pepo hizo hutoka kila upande wa ziwa, zikakutana katikati, hewa ikapanda juu, na ndiyo maana radi za Ziwa Victoria hupenda usiku. Nilizitazama zikiwaka mbali bila sauti, wingu moja likimuuliza jingine. Sauti ikifika, sifa za Subira hupungua kidogo: siku ya radi tunatoka mara tatu, na mara ya tatu hana haja yoyote, anataka tu mtu wa kusimama naye.

Na usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa huwasha taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Kutoka jiweni naona mstari wa taa pale ambapo mchana hakuna kitu, kama mji uliohamishwa kwa siri. Wageni hulipa fedha kuja kupiga picha jiwe la Bismarck saa kumi jioni. Mimi naonyeshwa bure.

Fundi cherehani wa jirani, Mwislamu mwenye msimamo, hamgusi Subira kwa sababu ya udhu wake, lakini ndiye anayemtetea barazani. Hutukumbusha vijana wa Sura ya Al-Kahf, waliolazwa pangoni miaka 300 na 9 juu yake, na mbwa wao mlangoni kanyoosha miguu ya mbele. "Miaka mia tatu na tisa," anasema, "na hakumwamsha mtu." Hapo hunitazama. Namjibu kwamba hakuna aliyempa supu ya mapanki. Naye ndiye aliyenifurahisha niliposimulia juu ya Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, aliyeandika kitabu kizima kuhusu ubora wa mbwa juu ya wengi wa wavaao nguo. Fundi alifikiri kidogo akiwa na pini mdomoni. "Wengi," akasema. "Hakusema wote. Huyo alikuwa mwanachuoni."

Nikiwa mdogo choo chetu kilikuwa mbali na nyumba, nyuma ya zizi. Usiku nilimwamsha bibi kwa kumgusa mguu. Hakuwahi kuniuliza kama ni lazima, wala kama singeweza kuvumilia mpaka asubuhi. Aliwasha kibatari, akatangulia, akasimama mbali kiasi cha kunipa heshima na karibu kiasi cha kuzuia fisi. Neno letu lilikuwa moja tu: nisindikize. Subira hana neno hilo, ana pua, lakini anagusa mahali palepale.

Daktari alishauri supu iishe saa kumi na mbili jioni. Nimepunguza. Sasa, radi isipokuwapo, tunatoka mara moja tu, na umri wangu ukiwa hapa ulipofika, mara moja hiyo haimnufaishi mbwa peke yake.

Juzi tulichelewa kidogo jiweni. Ilikuwa saa tisa kasoro, tukirudi, nikasikia nyuma yangu: "Mwangaluka, mwalimu." Mzee wa ulinzi shirikishi, tochi mkononi, mtu wa tangu enzi za sungusungu. Nikamwambia bado hakujakucha, salamu hiyo ni ya asubuhi. Akasema kwa aliyekesha, asubuhi ni anapoitaka. Akammulika Subira, aliyekuwa amemaliza shughuli zake zamani, ameketi, kamba imelegea, ananitazama. Akanimulika mimi, niliyeelekea ukuta wa pagale. Kisha mwanga ukapanda pole pole mpaka kwenye yale maandishi mekundu, ukatulia hapo.

"Samahani, mwalimu," akauliza. "Kwani kati yenu, nani anamsindikiza mwenzake?"