Tisa Hadi Moja: Mafundi wa Kuozesha Nyimbo Zisizojuana

Tuelewane sheria kabla hatujaanza kugombana. Mashapu ni kuchukua sauti ya mwimbaji huyu na kuiweka juu ya muziki wa yule, na mara nyingi ni watu ambao hata kwenye harusi wasingekalishwa meza moja. Siku hizi mwenye laptopu yeyote anaweza, kwa hiyo wepesi wa vidole haumpandishi mtu hapa. Kipimo changu ni kimoja: ukishaisikia mashapu, kisha ukarudi kwenye wimbo wa asili, je, unausikia vilevile? Kama ni vilevile, fundi amecheza tu. Kama ni vingine, fundi alisikiliza. Haya, twende, na anayetaka kununa anune kuanzia namba tisa.

9. DJ Earworm

Jordan Roseman wa San Francisco. Tangu 2007, mwaka ukikaribia kuisha, kwa kawaida huchukua nyimbo 25 zilizotamba kwenye chati za Billboard akazifunga kuwa wimbo mmoja anaouita United State of Pop. Ule wa 2009 ndio uliomtoa. Huyu bwana anaanzisha sentensi kwa mdomo wa mwimbaji mmoja, anaimalizia kwa mdomo wa mwingine, na mshono huuoni. Alisomea nadharia ya muziki na kompyuta, na inasikika: hakuna noti inayokosana na jirani yake. Mbona tisa, basi? Kwa sababu nyimbo za chati za mwaka mmoja ni ndugu wa tumbo moja tayari. Kupatanisha ndugu ni jambo jema, ila maksi zangu nawawekea wanaopatanisha mahasimu.

8. Madeon

Kijana wa Nantes, Ufaransa, miaka 17, mwaka 2011. Nyimbo 39 ndani ya dakika zisizofika nne, zote akizibonyeza kwa vidole kwenye kibao cha vitufe vinavyowaka taa. Video iliitwa Pop Culture, na ikatuacha midomo wazi. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye albamu ya Lady Gaga. Mwenye mtoto anayeshinda kwenye kompyuta amwangalie vizuri kabla ya kumfokea.

7. Freelance Hellraiser na Richard X

Hawa nawapandisha jukwaani pamoja kwa sababu walifungua mlango mmoja. Mwaka 2001 Roy Kerr, Mwingereza aliyejiita Freelance Hellraiser, alichukua sauti ya Christina Aguilera kutoka Genie in a Bottle akaiweka juu ya magitaa ya The Strokes. Huku binti wa pop aliyepambwa na studio nzima, kule vijana wa New York wanaopiga kama wametoka kuamka. Ghafla Aguilera anasikika mwenye njaa, na The Strokes wanasikika wameoga! Ruhusa hakuwa nayo hata ya kusingizia. Basi kilichofuata? Akapewa kazi halali ya kumrimiksia Aguilera mwenyewe, na Paul McCartney akamwita kwenye ziara yake ya 2004. Mwaka uliofuata wakatoa rekodi ya pamoja.

Richard X naye aliiweka sauti ya Adina Howard juu ya sinteksaiza za Gary Numan. Ruhusa ya sauti ile ikagoma, Sugababes wakaitwa studio kuimba upya, na mwaka 2002 Freak Like Me ikakaa namba moja Uingereza. Bidhaa ya magendo ikapata pasipoti.

6. 2manydjs

David na Stephen Dewaele, ndugu wa Ghent, Ubelgiji. Mwaka 2002 walitoa As Heard on Radio Soulwax Pt. 2, nyimbo zaidi ya 40 kwa saa moja hivi. Wao walifanya jambo ambalo wenzao waliliogopa kama moto: waliomba ruhusa, kipande kwa kipande. Kazi ya kuandika barua peke yake ingemkatisha tamaa karani wa mahakama. Wengi waliwakatalia, na albamu ikajengwa kwa zile zilizokubaliwa.

Tafuta pale Push It ya Salt-N-Pepa inapokalia No Fun ya The Stooges. Tumia spika, tafadhali, simu haiwezi. Gitaa ni la 1969, limechafuka, linazunguka palepale bila haraka. Wadada wa Queens wanaingia juu yake kama wenye nyumba waliokuja kudai kodi. Miaka karibu ishirini inatenganisha nyimbo hizo, na ukizisikia utaapa zilirekodiwa alasiri moja.

Nao walifanya hayo enzi ambapo sauti tupu, bila muziki, ilikuwa lulu. Ilibidi uvizie santuri za singo, ambako kampuni zilikuwa zikiweka toleo la sauti peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure Spleeter, programu inayouchambua wimbo uliokwisha kuchanganywa: sauti huku, ngoma kule, besi pale. Zana za namna hiyo zimezaa mafuriko ya mashapu TikTok na YouTube, na nayafurahia mafuriko hayo kwa moyo wote. Ila sikio bado halipakuliwi.

5. Amerigo Gazaway

Prodyuza wa Nashville. Mwaka 2011 alitoa Fela Soul: rap za De La Soul juu ya vipande vya Fela Kuti. Fela alikuwa na uwezo wa kupiga dakika kumi nzima kabla hajafungua mdomo, na Gazaway akaona ndani ya dakika hizo nyumba tupu yenye vyumba vya kutosha. De La Soul wakahamia. Utani wao wa vijana wa Long Island unapata uzito chini ya tarumbeta zile, na Fela, ambaye hasira yake tunaijua, anaanza kutabasamu. Tangu hapo kila nikimsikia Fela nasubiri rapa aingie, na asipoingia naona kama amechelewa.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam ananikatiza: na sisi je? Ndugu yangu, singeli ilianza kwa vijana kukata vipande vya taarabu, kuviendesha mbio, na MC kuchana juu yake. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso, Mburahati, katika Sounds of Sisso, na kumbi za Ulaya zikaanza kutoka jasho la Kiswahili. Sijaipa namba kwa sababu singeli ilishahama nyumba ya mashapu ikajenga ya kwake. Kuirudisha huku chumba cha uani ni kuivunjia heshima.

4. Girl Talk

Sasa kelele zianze. Mchana Gregg Gillis wa Pittsburgh alikuwa mhandisi wa vifaa tiba, usiku alivua shati jukwaani mbele ya laptopu iliyofungwa nailoni ili jasho lisiiue. Mwaka 2007 aliaga uhandisi. Albamu yake ya 2010, All Day, ina vipande 373 ndani ya dakika 71, na aliigawa bure mtandaoni. Imejaa kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni: nafasi hakuna, na konda bado anaita.

Dakika yake kubwa kuliko zote iko kwenye Night Ripper ya 2006, pale Notorious B.I.G. anaposimulia Juicy, safari yake kutoka ufukara hadi ushua, juu ya piano ya Elton John kwenye Tiny Dancer. Mdundo wa asili ulikuwa wa kujidai. Piano inamvua miwani ya jua, na tunamwona kijana anayeshangaa kwamba kweli ameponea. Mimi hiyo dakika sijawahi kuiruka.

Utetezi wake ulikuwa kwamba sheria ya Marekani inaruhusu matumizi ya kiasi yanayozaa kitu kipya. Wanasheria wakakaa mkao wa kula kungoja kesi ya karne, na wali haukuiva. Kinachomzuia kupanda zaidi ni haraka yake mwenyewe: kipande kitamu kinapita hujakikumbatia.

3. Neil Cicierega

Ndiyo, juu ya Girl Talk. Kaeni chini.

Albamu zake nne, Mouth Sounds na Mouth Silence za 2014, Mouth Moods ya 2017 na Mouth Dreams ya 2020, ni za bure, na watu huzileta mezani kama vichekesho. Ni kweli ameusumbua wimbo All Star wa Smash Mouth kiasi ambacho ukoo mzima ungeitisha kikao. Lakini hebu sikilizeni T.I.M.E. Amechukua Y.M.C.A. ya Village People akaiweka juu ya Time, muziki wa Hans Zimmer kutoka filamu ya Inception. Mwanzo unacheka, lazima ucheke. Halafu vinanda vinapanda, na kwa kuwa ngoma ya disko haipo tena kukuvuta mikono juu, unajikuta unasikiliza maneno. Kumbe kuna mtu anamsemesha kijana aliyeingia mji mgeni bila pesa, anamwambia pa kulala papo, asife moyo. Maneno hayo yalikuwepo tangu 1978. Sisi tulikuwa tunatengeneza herufi kwa mikono.

Anayemwita mchekeshaji tu, arudie kusikiliza hadi mwisho, kisha tuonane.

2. Danger Mouse

Mwaka 2003 Jay-Z alitoa The Black Album, na toleo la sauti peke yake likafuata, karibisho la wazi kwa mafundi. Brian Burton, yaani Danger Mouse, akaenda kabatini akatoa albamu nyeupe ya Beatles ya 1968. Nyeusi na nyeupe zikazaa The Grey Album. Na hakulaza tu sauti juu ya muziki kama shuka: alikatakata ngoma za Ringo Starr pigo moja moja, akazijenga upya kuwa biti za hip hop. Kwenye 99 Problems, magitaa ya Helter Skelter yanamsukuma Jay-Z mgongoni hadi anabweka. Mtu akikwambia mashapu ni uvivu, mpe kazi hiyo aifanye hadi Ijumaa.

EMI, waliokuwa na haki za rekodi za Beatles, walimpa amri asimamishe usambazaji. Wapenzi wa muziki wakajibu tarehe 24 Februari 2004: tovuti takriban 170 ziliiweka albamu hiyo kwa siku moja, na ikapakuliwa zaidi ya mara 100,000. Siku hiyo waliiita Jumanne ya Kijivu. Jay-Z na McCartney, waliokuwa na haki ya kukasirika, wote wawili walisema baadaye kwamba hawakuona ubaya.

Utamu wenyewe sasa. Mwaka 2005 ikatoka Demon Days ya Gorillaz, prodyuza Danger Mouse, lebo Parlophone. Mwenye Parlophone wakati huo nani? EMI! Barua ya vitisho mwaka jana, mkataba mwaka huu.

1. Kutiman

Wote hapo juu walikata nyimbo za watu maarufu. Ophir Kutiel wa Israeli alikata watu ambao hakuna aliyewajua.

Machi 2009 alitoa ThruYOU. Alizama YouTube akaibuka na video za walimu wa gitaa, watoto wenye piano sebuleni, mtu na tarumbeta yake mbele ya pazia, akawaunganisha kuwa bendi. Hawakuwahi kuonana, na wengi walirekodi kwa kamera mbovu kwenye vyumba vyenye mwangwi. Wimbo wa kwanza, Mother of All Funk Chords, unafunguliwa na mpiga ngoma Bernard Purdie, yeye pekee mwenye jina kubwa. Kisha mwalimu wa gitaa anaonyesha wanafunzi wake kodi (chord) moja tu, E9, na somo hilo linageuka uti wa mgongo wa wimbo. Tazama mwalimu yule asivyo na habari kwamba nyuma yake limeshapangwa jeshi la matarumbeta. Na kila video imeorodhesha ilipochota, ili umfuate mpigaji hadi kwake.

Mwaka 2014 alirudi na Give It Up. Sauti ni ya Samantha Montgomery wa New Orleans, mwenye jina la jukwaani Princess Shaw, aliyekuwa akitunza wazee kwa riziki na kujirekodi akiimba bila ala yoyote, watazamaji wake wakiwa wachache mno. Alikuja kukuta sauti yake ina bendi kamili na dunia inaisikiliza. Mtayarishaji filamu Ido Haar alikuwa akimfuata na kamera kipindi hicho, ndiyo maana uso wake wa siku ile tunao. Akapanda ndege hadi Tel Aviv, akaiimba jukwaani, bendi ikiwa hai nyuma yake.

Kwa kipimo changu hana mpinzani. Ukishaona alichofanya, video ya mtu asiyejulikana akijaribu kuimba huwezi tena kuipita upesi, unaanza kuisikilizia bendi inayomngoja. Nyie wa The Grey Album nimewasikia, mnabisha. Njooni na hoja, na mje na spika.