Ulaya ni Karibu, Kabambare Ndiyo Mbali

Ndugu zangu wa Kasongo, pole mnazotupa sisi wa huku Brussels kwa kuwa mbali, naomba zipelekwe Kabambare, maana huko ndiko mbali. Kutoka Brussels hadi Kinshasa ni kilomita elfu sita na zaidi, na ndege inazimaliza kwa saa nane hivi, abiria amekaa, analetewa kuku, analala, anaamshwa anywe chai. Kutoka Kasongo hadi Kabambare, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 120. Kwa mwendo wa ndege hiyo ni dakika tisa. Mkanda wa kiti haujafunguliwa. Lakini mvua ikishanyesha, mwenye pikipiki aliyepakia mtu na gunia la mchele hataji dakika. Anatazama mawingu, anatazama tairi, anasema, "Tutafika."

Mwalimu wa jiografia atapinga: kilomita ni kilomita, dunia haivutwi kama mpira. Kweli, ila ramani yake haina matope. Enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, misafara iliyotoka Ujiji ikapita Kabambare kwenda Kasongo ilihesabu njia kwa siku za kutembea, na hesabu hiyo ilikuwa ya haki kuliko ya tiketi. Hata ndege ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, safari ya kwanza ya aina yake. Ilimchukua siku 51, na katika hizo alikuwa angani saa 75 tu. Zilizobaki alikuwa chini, akingoja na kutengeneza. Miaka mia imepita. Ndege imeshapunguza kungoja kukawa foleni ya uwanjani, lakini barabara yetu bado inakwenda kwa kalenda ya Thieffry, tena bila gazeti la kumsifu dereva.

Mtasema kiangazi pikipiki inafika bila shida kubwa. Nakubali, na hapo ndipo penye neno langu: Kabambare iko karibu mwezi wa Julai, ikifika Desemba imeshahama. Brussels haihami. Tena wakati wa majira ya joto ya Ulaya, saa mbili asubuhi ya hapa ni saa mbili ya Kasongo, wakati Kinshasa, mji mkuu wetu, bado ni saa moja! Na anayedhani nimesahau viza, sijasahau. Kijana wa Kasongo anayetaka kuja huku anaanza safari miezi kabla ya kuona ndege, kutoka dirisha hadi dirisha, muhuri hadi muhuri. Hiyo nayo ni barabara mbovu, na inathibitisha yale yale: umbali ni kungoja. Basi mkipanga harusi, msiiweke Desemba halafu mkalaumu Ulaya kuwa mbali. Iwekeni Julai, ili na watu wa Kabambare wafike.