Nyenje wa Gurudumu la Kushoto

Fisi wa Mau Narok aliponunua pikapu, Punda alipandishwa cheo kutoka kwenye mkokoteni hadi kwenye usukani. Majirani walimpongeza Fisi kwa ukarimu. Fisi mwenyewe alijua hesabu yake: dereva aliyezoea mjeledi haombi nyongeza ya mshahara.

Biashara ilikuwa viazi. Mau Narok iko juu milimani, kwenye baridi inayopendwa na viazi vya Shangi na ngano. Njoro, ambako soko linasubiri, iko chini yake kwa mamia ya mita. Kwa hiyo gari la huko hupanda likiwa tupu na kushuka likiwa limejaa. Mwenye pikapu angepaswa kujiuliza injini na breki, ipi itatangulia kuchoka. Fisi alijiuliza kama honi yake inasikika hadi Likia, huko njiani. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50; Fisi alishona lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, akayaita hamsini.

Katika gurudumu la mbele la kushoto aliishi Nyenje. Waliounda gari ndio waliomweka hapo, kwenye kibati chembamba kilichopachikwa kando ya pedi ya breki. Kazi yake ilikuwa kunyamaza maadamu pedi ni nene, na kupiga kelele pindi inapobaki milimita chache, kibati kikianza kugusa diski. Hakulipwa hata senti.

Alianza kulia majira ya mvua. Punda akaenda kwa tajiri wake.

"Mzee, pedi zimeisha."

"Zimeisha, au zinaelekea kuisha?"

"Zinaelekea."

"Basi bado zipo." Fisi akaongeza sauti ya redio.

Nyenje alipozidisha, Fisi alimtuma Tumbili, utingo wake, aking'oe kibati kwa koleo. Barua ya kumfuta Nyenje ilisema amechafua jina la biashara. Baada ya hapo gurudumu lilitulia kidogo, kisha likaanza kukwaruza kwa sauti nzito: pedi imekwisha, na bamba la chuma lililokuwa mgongoni mwake sasa linakula diski.

Kobe, fundi wa Njoro, aliingia chini ya gari na paa lake mgongoni. Alipotoka alisema diski imeliwa hadi imeacha ukingo kama sahani, pistoni imetoka mno, mafuta ya breki yanavuja. Akataja pedi, diski na mipira. Fisi alimsikiliza vizuri sana mpaka alipofika kwenye bei.

"Fundi, hakuna njia nyingine?"

Fundi mwenye familia hakosi njia nyingine. Kobe alikunja paipu ya gurudumu lile, akaibana kwa koleo, na gari likaondoka na breki za magurudumu matatu. Mafuta ya breki yaliyopungua Fisi aliyajaliza mwenyewe kwa maji ya sabuni. Pesa alizookoa zilimlipa mchoraji, aliyeandika nyuma kwa rangi ya dhahabu: MUNGU NDIYE BREKI YANGU. Kinyonga, mkaguzi wa magari, aliyasoma maandishi hayo kwa heshima, akageuka rangi ya noti aliyopewa.

Punda alirudisha ufunguo. Mkokoteni unaposhuka, mzigo humsukuma anayeuvuta, na wa kuuzuia ni yeye kwa makalio na miguu ya nyuma. "Mzee," alisema, "mimi nimekuwa breki miaka mingi. Najua inavyochoka."

Nafasi yake ikachukuliwa na Sungura, ambaye alikuwa na ujuzi wa madereva wa mteremko wa Salgaa: kwenye mteremko unaweka nyutro, gari linajiendea, mafuta yanabaki kwenye tangi. Fisi alimkumbatia. Gari likiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe hulishika. Likiwa kwenye nyutro, uzito wote huziangukia breki, nazo hazina la kufanya na mwendo ila kuugeuza joto. Walipopita Likia, joto liliyafikia maji ya sabuni. Yalichemka, yakawa mvuke, na mvuke ukikanyagwa hunywea tu. Kanyagio likafika sakafuni. Sungura akapampu, likafika tena. Waya wa breki ya mkono Tumbili alikuwa ameufungia turubai tangu mwaka jana. Breki ya mkono ilikuwa jiwe, na jiwe ni la gari lililokwisha kusimama.

Sungura aliruka. Sungura huruka kila mara, ndiyo maana hekaya zimejaa yeye. Tumbili alikuwa amelala juu ya magunia.

Gari lilipoanguka, wanyama walifika na ndoo za kuokotea viazi kabla ya kufika na machela. Tumbili alizikwa Jumamosi, na Jumatatu baraza likakaa. Kinyonga alitoa ushahidi akiwa wa kijivu. Kobe aliingiza kichwa ndani. Mzee mmoja akauliza kwa nini hapakuwa na onyo, na Nyenje akaitwa.

"Ulilia?"

"Nililia msimu mzima, waheshimiwa."

"Siku ya ajali?"

"Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kufutwa."

"Jibu swali."

"Sikulia."

Karani akaandika kwamba ajali ilisababishwa na ukimya wa Nyenje pamoja na ukali wa mteremko. Nyenje alitozwa faini. Kuhusu mteremko, iliundwa kamati chini ya uenyekiti wa Fisi, kwa kuwa ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko wote, nayo ikapendekeza mlima uchongwe. Zabuni ya kubeba kifusi ilimwangukia mwenyekiti, ambaye tayari alikuwa ameshapata lori la bei nafuu, lisilo na kelele yoyote magurudumuni.