Unga Usiosubiri Salamu

Hakuna kazi inayodhulumiwa na heshima kama yangu. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Tarime mjini. Ndiye ninayekoroga aljineti, unga wa kuchukulia vipimo vya kinywa kabla fundi hajatengeneza meno ya bandia. Unga huu ukishaguswa na maji hauna simile. Ule wa haraka hugeuka mpira ndani ya dakika moja au mbili, na humo humo nikoroge, nijaze trei, daktari aitie kinywani.

Sasa niambie, mzee wa Kikurya husalimiwa kwa dakika ngapi?

"Changanya," daktari anasema. Naukandamiza ukutani mwa bakuli la mpira, nauzungusha mpaka unang'aa, hauna hata bonge. Hapo ndipo mzee anapofumba mdomo na kumtazama daktari vizuri.

"Mura, wewe si wa kule Sirari? Baba yako nani?"

Daktari wetu kalelewa vyema, anajibu. Anaulizwa ng'ombe, anajibu. Anaulizwa mvua, anajibu. Bakulini mwiko umesimama wima wenyewe.

"Mbona umeganda?" ananigeukia mimi.

Mchana ndiyo balaa. Asubuhi maji ya Tarime ni baridi, na baridi huuchelewesha unga, napata nafuu. Lakini simtanki letu jeusi linashinda juani. Saa nane bomba linatoa chai, na joto huuharakisha. Nimeomba nafasi ya chupa moja tu kwenye friji. Imejaa soda. Tukienda huduma ya mkoba Mugumu, nabeba maji yangu kwenye chupa ya chai, watu wananiomba kikombe.

Kuna bibi aliyesikia kwamba unga huu hutokana na mwani, akagoma kupanua. Nikamweleza si ule wanaolima akina mama wa Zanzibar. Huo ni mwani mwekundu. Wetu hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi.

"Kumbe hata wa nyumbani siyo!" Akafumba zaidi.

Basi trei ikitoka salama, natakiwa nimimine plasta upesi, maana chapa ikipoteza maji inasinyaa, na meno hayatamkaa mwenyewe sawasawa. Nageuka nikimbie. Mzee, kinywa sasa ki huru, kanishika mkono ule ule wenye trei.

"Na wewe binti, mbona hujanisalimia?"