Risasi Imerudi Nyumbani

Tangu tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya umezuia risasi kwenye lehemu ya redio na runinga, mazingira yasichafuke. Silaha za jeshi zilisamehewa. Bati lisilo na risasi huweza kuota sharubu nyembamba zinazoleta shoti. Kombora lazima lidumu, redio ya mama muuza omena hailazimiki. Mwaka 2009 Uganda nayo ikatangaza marufuku ya friji, kompyuta na runinga za mitumba. Marufuku nzuri sana. Bodaboda wa Busia, anayevusha mitumba mpakani, bado anaisoma.

Redio ikizimika, fundi wa Tororo huyeyusha lehemu ya zamani, ile yenye risasi inayoyeyuka kwa nyuzi joto 183, akairudishia redio risasi waliyoinyima Wazungu, kisha akakupa dhamana ya mdomo hadi Krismasi.